Panga Yako Haivunjwi na Chuma, Inavunjwa na Moto

Wasee, wacha niseme hii kitu leo, halafu mnitusi mkitaka. Kila nikiweka video ya fundi wa Kamukunji akifua panga kutoka kwa springi ya lori, lazima mtu aje na ule wimbo: "Hiyo ni chuma ya takataka. Mimi yangu ni D2." Mwingine anasema yake ni Damascus. Mwingine anasema yake imeandikwa "stainless" kwa ubavu, kwa hivyo mjadala umeisha.

Haujaisha. Haujaanza hata. Nyinyi mnaabudu jina la chuma na hamjawahi kuuliza hiyo chuma ilipikwa venye gani. Unga wa chapati ni ule ule dukani, lakini kuna nyumba unakula chapati laini na kuna nyumba unatafuna turubai. Hakuna mtu hulaumu unga. Sasa kwa nini panga ikikatika mnalaumu springi?

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Huyu si ni yule aliacha chuo mwaka wa pili?" Ndiyo, ni mimi. Mchoro wa chuma na kaboni nilichorewa ubaoni, nikaunakili, nikapita mtihani wake. Kitu hatukuwahi kufanya ni kushika kipande chenye moto mwekundu na kukizima. Hiyo niliionea Kamukunji, karibu miaka miwili sasa, nikienda na simu yangu na kibao cha kuweka simu. Cheti sina. Basi pima maneno, usipime cheti.

Tuanze na kitu ambacho wengi mnachanganya. Kisu kiko na tabia mbili zinazopigana. Ya kwanza ni ugumu: makali hayapindi, hayalali, yanakaa muda mrefu. Ya pili ni ustahimilivu: ukikigonga kwa mfupa ama kwa fundo la mti kavu, hakikatiki. Ukiongeza moja sana, nyingine kwa kawaida inapungua. Kioo ni kigumu kuliko panga yako, lakini hakuna mtu huenda kukata kuni na kioo. Waya wa kufungia kuku unastahimili kupindwa mara nyingi, lakini hauwezi kushika makali. Kazi yote ya mhunzi ni kutafuta mahali pazuri katikati ya hizo mbili, na hapo katikati hupafikii kwa jina la chuma peke yake. Unapafikia kwa moto.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell C. Kisu kizuri cha jikoni huwa karibu 56 hadi 60. Panga ya shamba huwa chini zaidi, karibu 45 hadi 50, kwa sababu panga inagonga, haikati nyanya. Kwa hivyo ukiona mtu anauza panga akijisifu ati ina ugumu wa 62, mwambie asante, halafu songa kando kabla hajaijaribu mbele yako.

Sasa twende kwa hiyo takataka yenu, springi ya gari. Springi nyingi za malori na pikapu ni stili ya aina inayoitwa 5160, ama ndugu zake kama SUP9 ya Wajapani. Iko na kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu kidogo, kama asilimia 0.8. Hiyo chuma ilitengenezwa kubeba tani za mahindi kwa barabara mbovu, ipinde na irudi, kila siku, miaka mingi. Unatafuta nini kingine kwa panga? Watengenezaji visu wa Marekani wananunua 5160 mpya kwa pesa nzuri, wanaandika jina lake kwa kisu kwa majivuno, na nyinyi mnaicheka kwa sababu imetoka Kariobangi ikiwa na kutu.

D2 nayo ni nini? Ni chuma nzuri, sikatai. Iko na kaboni karibu asilimia 1.5, kromiamu karibu 12, na molibdenamu na vanadiamu kidogo. Ilitengenezwa kwa ajili ya vifaa vya kukatia na kubonyezea mabati viwandani, mahali kifaa kinafanya kazi ile ile mara elfu nyingi na kinatakiwa kisilike. Ndani yake kuna chembe kubwa ngumu za kabaidi, na hizo ndizo zinafanya makali yakae. Lakini chembe hizo hizo ndizo njia ya ufa. Larrin Thomas, mtaalamu wa metali wa Marekani aliyeandika kitabu Knife Engineering mwaka 2020, amevunja vipande vya stili nyingi kwa mashine ya Charpy kupima ustahimilivu. D2 iko chini sana kwa hiyo hesabu. 5160 iko juu yake mara kadhaa. Kwa hivyo kama kazi yako ni kufungua maboksi na kuchuna ngozi ya mbuzi, D2 itakufurahisha. Kama kazi yako ni kupasua kuni za mkaratusi, hiyo D2 yako ni ya kupigia picha.

Na hiyo "stainless"? Chuma haishiki kutu upesi ikiwa na kromiamu ya kutosha, kuanzia karibu asilimia 10.5. Kwa mama anayekata samaki Kongowea, maji na chumvi siku nzima, hiyo ni akili. Lakini neno lenyewe linakuambia habari ya kutu tu. Halikuambii kama makali yatakaa, wala kama kisu kitavunjika. Kuna stainless inatengeneza kijiko na kuna stainless inatengeneza kisu cha daktari.

Kuhusu Damascus za bei rahisi sitapoteza muda. Mistari mizuri inatoka kwa kukunja stili mbili pamoja na kuzimwagia asidi. Mistari haikati. Kama waliozikunja hawakuzizimisha vizuri, umenunua kitambaa cha kitenge kilichotengenezwa kwa chuma.

Lakini msifikiri nimekuja hapa kuwasifu mafundi tu. Hapana. Hapa ndipo nitagombana na upande wangu pia, kwa sababu kwa graundi mambo ni tofauti na venye tunajipigia makofi kwa video.

Mwaka jana nilimwomba fundi mmoja, mzee aliyefua chuma kabla mimi nizaliwe, anitengenezee panga tatu kutoka kwa springi moja. Springi moja, mikono ile ile, umbo lile lile. Tofauti iwe moto tu.

Ya kwanza tulifanya venye inafanywa haraka siku ya soko. Bloa juu, makaa yanawaka, chuma ikaenda mpaka rangi ya manjano, halafu moja kwa moja kwa ndoo ya maji. Tulisikia "ting" ndani ya ndoo. Mzee akanitazama bila kusema kitu. Tulipoitia kwa mti mkavu wa mkaratusi, ilikatika kwa pigo la sita, na kile kipande kikaenda kugonga mabati ya jirani. Kingekuwa kimeelekea upande wangu, hii posti ingeandikwa na mtu mwingine. Pale ilipokatika, ndani chuma ilikuwa na chembe kubwa zinazometameta kama sukari.

Ya pili ilifuliwa, ikaachwa ipoe yenyewe chini, ikanolewa na grainda, basi. Hiyo ndiyo panga ya bei ya chini mnayonunua mkifurahi. Ilikata vizuri dakika kumi za kwanza. Baada ya hapo makali yakaanza kulala upande, na mwisho ilikuwa inaponda kuni, haikati. Hii haikuvunjika, lakini pia haikufanya kazi.

Ya tatu tuliingiza kivulini. Kwanza mzee aliipasha na kuiacha ipoe hewani mara tatu, ili zile chembe zilizokua wakati wa kufua zirudi ndogo. Halafu akaipasha taratibu, tukiigusa na sumaku tuliyotoa kwa spika iliyokufa, mpaka sumaku ikakataa kushika, akaongeza moto kidogo tu juu ya hapo, akaizima kwa mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo. Tukajaribu na tupa: ikateleza bila kuuma. Hapo ni ngumu lakini ni hatari, kama kioo. Nikaipeleka kwa rafiki yangu anayechoma vyungu, tanuru yake iko na kipimajoto, tukaipasha tena karibu nyuzi 400 kwa saa moja, mara mbili. Hiyo panga imekata ule mkaratusi mpaka mkono wangu ukachoka. Saa hii iko kwa nyanyangu, inakata nepia ya ng'ombe kila asubuhi.

Panga tatu si utafiti wa maabara, najua. Lakini springi ilikuwa moja. Sasa niambieni takataka ilikuwa chuma ama ilikuwa moto.

Wacha nieleze kwa nini, ili usiniamini kwa sababu ya video tu. Chuma ikifika karibu nyuzi 770 inaacha kushikwa na sumaku. Stili ya springi inataka kuzimwa ikiwa kama 830, yaani juu kidogo ya pale sumaku imekataa. Hapo kaboni imeyeyuka ndani ya chuma na ukiizima haraka inanaswa humo, na ndiyo maana inakuwa ngumu. Ukipita mpaka manjano, umeenda nyuzi 1,000 na zaidi, chembe za chuma zinakua, na kila mpaka kati ya chembe kubwa ni mahali ufa utapenda kupita. Maji nayo yanapoza haraka kupita kiasi kwa stili ya aina hii. Nje inajikunja wakati ndani bado, chuma inapasuka. Mafuta yanatosha. Oili chafu ya gari watu huitumia, lakini ule moshi mnaovuta si dawa, na mafuta ya kupikia yanafanya kazi hiyo vizuri.

Halafu kutempa, ile kupasha mara ya pili kwa moto mdogo. Hii ndiyo hatua inayorukwa sana, na ndiyo inatenganisha kifaa na kioo. Kwa kisu cha stili hii, nyuzi karibu 200 kwa saa moja, mara mbili, unapata ugumu kama 57 hivi. Hata oveni ya kuokea keki inafika hapo. Kwa panga, nenda juu karibu 400. Usikwame katikati, kati ya kama 260 na 350, kwa sababu hapo chuma hupoteza ugumu bila kupata ustahimilivu. Unalipa na hupewi chenji.

Na sasa angalieni ujinga mwingine: jina letu lenyewe. Tunaitwa jua kali. Tunapasha chuma nje saa saba mchana, halafu tunapima moto kwa kuangalia rangi. Rangi gani utaona kwa jua la saa saba? Chuma ambayo kivulini ingeonekana nyekundu ya machungwa, juani inaonekana kama haijaiva. Fundi anaongeza moto. Anapita. Anaharibu chuma ambayo ilikuwa nzuri. Gunia kuukuu juu ya tanuru na sumaku ya spika vingeokoa panga nyingi kuliko semina kumi za hotelini.

Kwa D2 ni mbaya zaidi. Kuna vijana wanaagiza vipande vya D2, wanapasha kwa makaa mpaka sumaku ikatae, wanazima kwa oili, wanaandika D2 ubavuni. D2 inataka karibu nyuzi 1,010 na zaidi, ikae hapo kama nusu saa bila kupanda wala kushuka, halafu ipoe kwa hewa. Makaa na jicho haviwezi hiyo kazi. Hicho kisu kina jina la D2 na tabia ya kitu kingine kisichojulikana. Ile springi iliyodharauliwa ndiyo inasamehe jiko la makaa.

Nilimuuliza yule mzee kwa nini panga za sokoni hazitempwi na anajua vizuri umuhimu wake. Akanijibu, "Kijana wangu, mteja analipia umbo. Halipii moto."

Nilinyamaza, kwa sababu ni ukweli. Panga mbili zikiwekwa kwa meza, moja imetempwa na nyingine haijatempwa, zinafanana. Mteja anakuja, anapiga moja kwa kucha, anaguna, anasema bei ya pili ni ngapi. Fundi akisema mia sita, mteja anasema mia tatu. Sasa hiyo tofauti itatoka wapi? Springi amenunua. Makaa amenunua. Kijana wa kupiga nyundo lazima ale. Kitu pekee kinachoweza kutolewa bila mteja kuona ni moto wa pili. Kwa hivyo wewe uliyeshinda bei kwa kelele, uliondoa tempa kwa panga yako kwa mdomo wako mwenyewe. Halafu ikikatika unaandika "jua kali ni takataka" na unaenda kununua ya nje.

Anayeumia si wewe wa mjini mwenye kisu cha picha. Ni kijana wa kibarua anayelipwa kwa mistari ya miwa aliyokata, panga ikilala anapoteza saa ya kunoa, na saa kwake ni pesa. Ni mtu wa buchari anayepasua mfupa na kipande kinaruka karibu na jicho la mtu anayesubiri nusu kilo. Hao hawana habari na D2. Wanataka kifaa kisichowasaliti.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo naikubali: springi ya zamani huijui. Inaweza kuwa 5160, inaweza kuwa ile ya silikoni na manganisi, inaweza kuwa na nyufa ndogo za uchovu baada ya miaka ya kubeba mizigo. Kweli kabisa. Lakini jibu liko, na si kuagiza chuma ng'ambo. Kata kipande cha kidole kutoka springi hiyo, kipashe, kizime kwa mafuta, kiweke kwa koleo na ukivunje. Kama ndani ni kijivu laini kama kitambaa cha velveti, chuma iko sawa na moto wako uko sawa. Kama ni sukari, umepita moto. Kama kinapinda tu hakivunjiki, hiyo haikushika ugumu, tafuta springi nyingine. Dakika ishirini. Ukiona ufa, tupa hiyo springi bila huruma. Na nondo ya ujenzi usiniletee kabisa, kaboni yake ni kidogo, hata uizime kwa machozi haitakuwa kisu.

Na nyinyi mnaonoa na grainda barabarani: ukiona makali ya kisu cha jikoni yamegeuka bluu, umeshapita nyuzi 300. Kisu kilichotempwa kwa 200 hapo kimelegea, na hakuna kunoa kutarudisha. Panga ya 400 inavumilia zaidi, lakini nayo ina mwisho. Gusa, toa, chovya maji, rudia. Mteja akiharakisha, mwambie aende anunue chai.

Serikali nayo isifikiri nimeisahau. Tangu ule waraka wa sera wa 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali, mpaka Sheria ya Biashara Ndogo Sana na Ndogo ya 2012, maneno tumeyasikia. Tuko na KIRDI ya utafiti wa viwanda, tuko na NITA inayotahini mafundi, tuko na vyuo vya ufundi kaunti nyingi. Mimi siombi bilioni. Naomba mashine moja ya kupima Rockwell iwekwe mahali fundi anaweza kuingia na aproni yake chafu, alipe mia, apimiwe panga, atoke na nambari. Moja Kamukunji, moja Kisumu, moja Mombasa. Siku fundi ataweza kuandika "48" kwa ubavu wa panga na nambari hiyo iwe ya kweli, hakuna atakayemtaka aandike D2.

Mpaka hiyo siku ifike, kazi ni yetu. Ukienda kununua panga ama kisu cha kazi ngumu, usiulize chuma gani kwanza. Uliza: ulizima kwa nini, maji ama mafuta? Ulitempa, na kwa moto gani? Naweza kuijaribu hapa kabla nilipe? Fundi anayejua kazi yake atafurahi umeuliza, pengine ni mara ya kwanza mwezi huo. Anayekasirika, muachie panga yake.

Halafu akikujibu vizuri, lipa bei aliyosema. Usimrudishe kwa mia tatu.

Na wewe fundi ukisoma hii: toza huo moto. Mwambie mteja wazi, "hii imetempwa ni mia sita, hii haijatempwa ni mia tatu, na hii ya mia tatu ikikatika usirudi." Mteja achague akijua. Wengine watachagua rahisi, sawa. Lakini kuna mtu wa kibarua atasimama, atafikiria jicho lake, na atatoa mia sita.

Wa D2, nawangoja hapo chini. Mje na panga zenu, mkaratusi uko.